Kidole cha Baba Mkwe

Vidonge vilimwondolea Mzee Sekhonyana kikohozi, vikamwachia kidole. Alilala mzima, akaamka kidole gumba cha mguu wa kushoto kimeumuka kama andazi, kinang'aa, cha moto. Blanketi likikigusa tu, mzee anamwita marehemu mama yake.

"Ni hivi vidonge vya kifua kikuu," akajisemea. Na kwa kweli hakukosea. Alichokosea ni tiba aliyojipangia: akaacha kuvimeza, wala hakumwambia mtu.

Kudanganya kulikuwa rahisi kuliko kunywa uji. Zahanati ilikuwa imempa Mapaballo, mke wa mwanawe, kazi ya kuhakikisha kila asubuhi mgonjwa anameza mbele ya macho yake. Macho yapi? Kwetu Wasotho wa milimani, mke wa mwana aliyelelewa vizuri hamtazami baba mkwe usoni, wala hasemi naye ana kwa ana. Mapaballo aliolewa, akazaa, mtoto akaanza shule, na uso wa mzee bado haujui. Basi huingia na kikombe cha maji, akapiga magoti, macho sakafuni, na maneno yote yakapitia kwa mama mkwe, Mamoliehi, anayekoroga uji pale pale.

"Mama, baba ameshameza?"

"Umemeza, we mzee?"

"Mwambie nimemeza mpaka nimeshiba."

Akishatoka, na Mamoliehi kageukia sufuria yake, mzee anavitoa vidonge chini ya ulimi na kuvitia ndani ya buti la kushoto, ambalo mguu ulishalikataa.

Kidole hakikupoa. Jirani yake, Phakoe, alikuja kumpa pole na kopo la pombe ya mtama na sufuria ya matumbo ya kondoo.

"Kuna mtu kakutegea dawa njiani, jirani. Nani ulimshinda mbio za farasi?"

"Wewe."

"Basi si mimi. Mimi ningemtegea farasi. Kula."

Alikula, akanywa. Kesho yake kidole kikamtukana matusi ya mgodini. Si hivyo tu, kikohozi nacho kikarudi, kwanza kama mgeni anayebisha hodi, halafu kama mwenye nyumba. Mzee alikifunika kwa blanketi. Wenzake aliochimba nao mgodini ujanani aliwazika kwa kikohozi hicho hicho, na alijua kinakokwenda. Lakini kila akikitazama kile kidole, moyo wa kumeza ulimtoka.

Sasa, mtu anayetazama sakafu kila siku huijua sakafu. Mzee alilinda mdomo, akasahau miguu.

"Mama," akasema Mapaballo asubuhi moja, "mguu wa baba umefanya nini?"

"Mwambie mguu haukuandikiwa dawa," mzee akadakia.

Mapaballo akalisogeza buti apate pa kuweka kikombe. Likalia kama njuga.

"Mama, na buti la baba nalo linaumwa?"

Akaliinamisha. Vidonge vikamwagika sakafuni. Kuku akaja mbio, akameza viwili kabla Mamoliehi hajamfukuza kwa mwiko.

"Mungu wangu, we mzee! Kuku kakushinda akili! Unataka niolewe na Phakoe?"

Hapo Mapaballo akainua macho. Akamtazama baba mkwe wake usoni, kavu kavu. Mwiko wa Mamoliehi ukabaki hewani.

"Baba, uso wako nitauona tu. Ama leo, ama siku ya kukuaga, jeneza likifunuliwa tupite mmoja mmoja. Siku hiyo hakuna atakayenikataza. Chagua."

Mzee akafungua mdomo amfokee. Kikatoka kikohozi, kirefu, kikamkunja mpaka akashika bega la huyo huyo asiyepaswa kumgusa. Kilipomwachia, akapangusa macho.

"Nitandikieni farasi," akasema.

Nesi wa zahanati alikitazama kidole kwa mbali, kistaarabu. "Hilo ni jongo, Ntate, baba yangu. Kimoja kati ya vidonge vyako huwafanyia watu wengine hivyo. Ungesema mapema tungekutuliza maumivu, huku unaendelea kumeza. Na kidonge chenyewe ni cha miezi ya mwanzo tu, mbele huko kinaondolewa. Ila sasa umeruka dozi, huenda tukaanza upya. Maji kunywa kwa wingi. Pombe na matumbo, acha." Kisha akacheka. "Zamani walisema ni ugonjwa wa wafalme."

Ni heri angenyamaza. Mzee alirudi amekaa wima juu ya farasi, mguu ameunyoosha mbele, akimwambia kila mchungaji ampishe mgonjwa wa kifalme.

"Mfalme gani huyo," akauliza Phakoe, "anayegawana dozi na kuku?"

Siku hizi Mapaballo anapiga magoti, macho sakafuni kama adabu inavyotaka, mpaka asikie kikombe kimewekwa chini. Hapo ndipo anainua uso. Mzee anaachama, anainua ulimi, anageuza kichwa kwenye mwanga.

"Mama, mwambie baba amemeza vizuri. Ila ana jino bovu huku nyuma."

"Mwambie hakuitiwa jino."

"Mama, mwambie nimeshaliona."