Jembe la Mwongozaji

Mimi Koleta nimepanda mlima Shengena mara nyingi kuliko nilivyokwenda sokoni, kwa hiyo mtu akiniuliza kama naijua njia huwa nakasirika. Bwana Kwabena aliniuliza mara tatu, na hapo hatujamaliza hata chai pale stendi ya Same.

Alikuwa Mghana, amekaa Arusha miaka minne akipanga safari za wageni, na Kiswahili anakipiga vizuri tu. Kampuni yake ilitaka njia moja katika milima ya Upare, wageni wanane kila mwezi. Njia moja, mwongozaji mmoja. Jana yake alikuwa ametembezwa upande wa Mwanga na Rodgers, kijana wa Lembeni niliyesoma naye kozi ya uongozaji. Leo ilikuwa zamu yangu, kesho anaamua. Miaka sita nimekuwa nikiokota mgeni mmoja mmoja stendi. Niliitaka kazi ile mpaka usingizi ukakataa.

"Kwetu Ghana," akasema, "mgeni anatembea kwenye madaraja ya kamba juu ya miti. Baharini anateleza juu ya mawimbi kwa ubao. Pasaka anaruka na mwavuli kutoka milima ya Kwahu. Hapa kwenu anacheza nini?"

"Anapanda," nikamjibu. "Akishapanda, anashuka kwa baiskeli mpaka Makanya, na breki zake aziombee. Jioni anafungwa mchezo wa bao na mama yangu, akalale na aibu yake. Huo mwavuli wenu wa nini?"

Akacheka. Nikamwahidi kuwa saa sita mchana tutakuwa kileleni, na kabla mawingu hayajaja ataiona Kilimanjaro.

Gari lilituacha kijijini kwetu saa mbili na nusu asubuhi. Hatujatembea hata robo saa, nikasikia majembe. Moyo ukanilipuka! Kijiji kizima kilikuwa kwenye ndiva, lile bwawa dogo tunalokinga maji ya mashamba, wanatoa tope. Msaragambo! Pembe ilikuwa imepulizwa jana jioni, na mimi nililala Same kumsubiri mgeni, ningeisikilia wapi?

Msaragambo ni kazi ya wote. Siku hiyo mtu wa kijiji hapiti njiani mikono mitupu, awe mwalimu, awe mchungaji wa kanisa. Na aliyesimama njiani, fimbo mkononi, ni mjomba wangu Melkizedeki, msimamizi wa ndiva, ambaye hata mama yake mzazi alimpimia kipande chake cha kuchimba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Jembe liko wapi?"

"Mjomba, nina mgeni. Riziki yangu yote iko kwa huyu mgeni. Nikichelewa leo..."

"Mgeni apite, karibu sana. Wewe nawe ni mgeni?"

Jirani yetu Devotha alikuwa ameshasogea na beleshi lake, maana hapitwi na maneno. "Mwacheni jamani, buti zake zitachafuka!" Wakaangua kicheko. Nilifura, nikatamani kumrushia tope.

Bwana Kwabena akatazama saa yake. "Kuna njia nyingine?"

Ipo. Inapita nyuma ya migomba ya mzee Asheri, dakika kumi tu, na hakuna ambaye angetuona. Nimeipita sana utotoni nikitoroka kazi hii hii. Akilini nilimwona Rodgers akipanda mlima na wageni wangu wanane, akipiga mluzi. Ningesema "twende" tu, yameisha. Lakini maji ya ndiva ile ndiyo yaliyomwagilia mahindi yaliyonisomesha, na mama yangu alikuwa mle topeni, ameinama.

"Ipo," nikasema, "ila leo siipiti. Kaa pale kivulini. Nikimaliza kipande changu tunapanda. Ukitaka kurudi Same, rudi, sitakulaumu." Nilisema kwa hasira, kusudi nisilie.

Mjomba akanipimia hatua nne, nikaazima jembe, nikaanza. Baada ya muda nikasikia wanawake wanacheka na kupiga vigelegele. Nikageuka. Bwana Kwabena alikuwa amevua viatu, amekunja suruali, tope magotini, anatupa matope kwa beleshi la Devotha kama mtu aliyezaliwa nalo.

"Makubwa! Nani kakufundisha?" nikamuuliza.

"Bibi yangu. Kijijini kwetu hupigwa kengele ya chuma jioni, na asubuhi anayepita njiani anafanya kazi. Ulidhani mambo haya ni yenu peke yenu?"

Tulimaliza saa saba. Kileleni tulifika saa kumi, tukakuta ukungu mtupu. Kilimanjaro hatukuiona ng'o. Nikakaa kwenye jiwe. "Basi," nikasema, "mpe Rodgers."

"Rodgers alinifikisha saa tano, nikaona kila kitu," akasema. "Lakini njiani tulikuta watu wa kijiji chake wanatengeneza barabara. Akanipitisha nyuma ya nyumba zao, ameinama. Mtu anayewakwepa watu wake hivyo, siku akipata kampuni kubwa kuliko yangu atanikwepa na mimi. Wageni ni wako, Koleta."

Nililia. Nikamwambia ni ukungu umeniingia machoni.

Tulipokuwa tunashuka akapata wazo. "Huo msaragambo tuuweke kwenye ratiba, kila Jumamosi. Wageni wataupenda."

"Hauwekwi," nikamkatiza. "Si ngoma ya kuchezea watalii. Kukiwa na kazi, mjomba anapuliza pembe. Kama hakuna, hapulizi, hata umlilie."

"Sawa, mama. Tutapokea tutakachokikuta."

Kundi la kwanza lilikuja Julai, wanane, buti mpya, kamera shingoni. Juzi yake ng'ombe walikuwa wamebomoa mfereji wa ndiva, na pembe ikapulizwa. Tulipofika pale njiani mjomba alikuwa amesimama na fimbo yake. Hakuuliza wametoka nchi gani. Alikuwa ameshapanga majembe kando ya njia, nami nikayahesabu harakaharaka.

Yalikuwa tisa.