Aina ya Ujenzi: Hewa

Mkaguzi wa hesabu alipomaliza kazi yake na kuondoka, alimwachia Mama Rula kurasa kumi na nne za penseli azinakili kwa wino. Mama Rula alivuta kiti, akapangusa meza kwa kiganja, akaweka rula yake ya mbao chini ya mstari wa kwanza. Ofisi nzima ilimwita hivyo kwa sababu ya ile rula, na yeye hakuona ubaya. Kuna waliopewa majina mabaya zaidi humo ndani, mmoja wao kwa ajili ya soksi zake.

Rejista ya mali ya halmashauri ilikuwa na safu tano: namba, jina la mali, mahali ilipo, aina ya ujenzi na hali yake. Soko lilikuwa la matofali na bati, hali nzuri. Choo cha soko kilikuwa cha matofali ya saruji, hali mbaya. Mstari wa ishirini na tatu ulikuwa wa zahanati ya ng'ambo ya mto. Kwa kuwa hapakuwa na safu ya maoni, mkaguzi alikuwa ameandika maoni yake palipokuwa na nafasi, chini ya aina ya ujenzi. Aliandika neno moja tu: hewa.

Kila mtu pale ofisini alilijua neno hilo. Mtumishi hewa ni yule anayelipwa mshahara na hayupo. Zahanati hewa ni ile iliyolipiwa ikaliwa. Watu wa ng'ambo walikuwa wameilipia tozo miaka sita, kila nyumba, kila mwezi, na stakabadhi wakapewa. Aliyewakatia stakabadhi hizo ni Mama Rula mwenyewe, kwa sababu naye aliishi huko na ilionekana ni rahisi apitie majirani zake akirudi nyumbani. Kiwanja kilifyekwa mara moja, pakapigwa picha, kisha nyasi zikarudi.

Lakini Mama Rula alikuwa na mwiko wake. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kubadilisha kitu kilichoandikwa na mkubwa, hata nukta. "Mimi ni mkono," alizoea kusema, "kichwa wanacho wenye vyeo." Akanakili alichokiona. Aina ya ujenzi: Hewa. Safu ya hali mkaguzi aliiacha wazi, na waraka wa ofisi ulikataza safu kuachwa wazi. Mama Rula alitazama dirishani. Asubuhi ile hewa ilikuwa safi, ya ubaridi kidogo, isiyo na vumbi. Akaandika: Nzuri. Akagonga muhuri, akafunga rejista, akaenda zake nyumbani.

Kesho yake zahanati ilikuwapo.

Wa kwanza kujua alikuwa muuza mkaa, aliyekatiza kiwanjani kama siku zote akagonga paji la uso. Aliweka gunia chini, akapapasa ukuta kushoto na kulia mpaka akaupata mlango, akaingia, akaomba kitu cha kupaka. Alipakwa. Alipotoka aliwaonyesha wenzake mlango ulipo wasije wakaumia na wao, akabeba gunia lake akaendelea na safari. Kufikia adhuhuri foleni ilikuwa imefika barabarani.

Ilikuwa zahanati kamili. Mvua ikinyesha, ndani palibaki pakavu. Upepo ukivuma sana ilisogea hatua mbili tatu, na watu wakaitafuta kwa mikono. Mgonjwa aliyelazwa alionekana kutoka nje akiwa amelala usawa wa kiuno bila kitu chini yake, kwa hiyo akina mama walileta mashuka wakayatundika kwenye misumari ya hewa, mambo yakawa ya staha. Dawa zote zilizowahi kununuliwa kwenye makaratasi zilikuwamo, nyingi kuliko za hospitali kubwa, kwa maana walioiba hawakuwa na mkono wa birika. Waliandika kwa ukarimu. Kilichokosekana ni taa. Umeme ulikuwa umeondolewa kwenye bajeti mapema, kihalali kabisa, na kisichotengewa fedha hakikupata hata nafasi ya kuibwa. Jua likizama zahanati ilifungwa.

Muuguzi naye alikuwapo. Alionekana kama joto linavyoonekana juu ya jiko la mkaa, ila sauti yake ilikuwa wazi na vidole vyake vilijua vinachotafuta. Mama Rula alimkuta siku ya pili, alipompeleka binti yake kupimwa.

"Wewe ndiye karani wa halmashauri?" muuguzi aliuliza.

"Ndiye mimi, dada."

"Naomba uniulizie mshahara wangu. Niliajiriwa miaka sita iliyopita na sijaona hata senti. Kila mwezi kuna mtu ananisainia."

Mama Rula aliijua saini hiyo, kwa sababu yeye ndiye aliyefaili orodha za malipo. Ilikuwa ya shemeji wa mweka hazina wa halmashauri, na mkia wake ulikuwa mrefu kuliko jina. "Nitakuulizia," alisema, na akaona haya, kwa kuwa alijua hatauliza.

Binti alikuwa na mimba ya miezi saba. Hii ilikuwa ya pili. Ile ya kwanza uchungu ulimshika mto ukiwa umejaa, wakambeba kwenye kiti, wanaume wanne, maji yakiwafika kifuani, na mtoto alizaliwa katikati ya mto akafa kabla hawajafika ukingo wa pili. Tangu hapo Mama Rula alivuka mto huo kila siku kwenda kazini na kurudi, na hakuna siku aliyovuka bila kuuchukia. Kwa hiyo binti aliposhuka kwenye kitanda cha hewa na muuguzi akasema mtoto amekaa vizuri, waje wajifungulie hapa hapa, Mama Rula alikaa kwenye majani nje ya ukuta akalia kwa furaha, na hakujali nani anamwona.

Siku ya mwisho ya mwaka wa fedha mkaguzi alirudi. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye mkoba wa ngozi na viatu vilivyolowa mtoni. Alikuja na rejista kwapani, kwa sababu alikuwa amesikia, na yeye si mtu wa kuandika ripoti juu ya kitu ambacho hajakigusa. Alipima ukuta kwa futi kamba: mita kumi na mbili kwa nane, sawasawa na mchoro. Aligonga kwa vifundo, akasikiliza. Kisha akamtafuta Mama Rula, ambaye siku hiyo aliomba ruhusa kazini, akamkuta amekaa nje ya mlango. Ndani, nyuma ya mashuka, binti yake alikuwa na uchungu tangu alfajiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, mimi niliandika kwamba zahanati haipo."

"Uliandika hewa."

"Maana yake haipo."

"Najua maana yake."

Mkaguzi alikaa naye kwenye majani, akafungua rejista kwenye mstari wa ishirini na tatu. Hakuwa mtu mbaya. Alieleza polepole kwamba kazi ya miezi minane imo ndani ya neno lile. Alikuwa na hundi, picha za kiwanja kilichofyekwa na saini yenye mkia mrefu. Lakini mahakama itatazama rejista, na rejista inasema jengo lipo na hali yake ni nzuri. Wino unakatwa na aliyeuandika, kwa mkono wake na saini yake pembeni. Vitabu vya mwaka vinafungwa saa kumi alasiri. "Ukikata mstari huu," alisema, "kesho mweka hazina na shemeji yake wako mbele ya hakimu. Usipokata, sina kesi."

"Na nikikata, hii itabaki?"

Mkaguzi aliutazama ukuta ambao haukuonekana. Hakuna aliyewahi kuwaeleza itakuwaje, lakini wote wawili walijua. "Sidhani," alisema.

"Ngoja basi azae. Nitakata hata mara mbili."

"Saa hizi ni saa tisa na robo, mama."

Mama Rula alinyanyuka akaingia ndani. Binti alikuwa ameshika kingo za kitanda kwa mikono yote miwili, na chini yake, kupitia hewa, nyasi zilionekana. Muuguzi alisema njia imefunguka nusu tu, itachukua saa mbili au zaidi, na mtoto amezungukwa na kitovu, ila asiwe na wasiwasi maadamu hawamhamishi. Binti alimwangalia mama yake. "Mama, usiniache nivuke," alisema.

Alirudi nje, akakaa tena kwenye majani. Alimfikiria mweka hazina, aliyekuwa akimwita mama mbele za watu na kumtuma chai. Alizifikiria nyumba zote alizogonga hodi miaka sita, na wajane waliotoa tozo kwenye pindo la nguo, wakihesabu mara mbili. Alitamani kukata mstari ule kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote cha ofisini. Rula alikuwa nayo mkobani, na kalamu pia, na mkono wake ulikuwa mzima. Mkaguzi alimshikia rejista wazi juu ya magoti na hakumharakisha. Saa kumi kasoro dakika mbili Mama Rula alimwambia aifunge.

"Pole, mama," mkaguzi alisema.

"Pole na wewe, mwanangu. Umehangaika sana."

Mkaguzi alitoa kalamu yake mwenyewe akaandika chini ya mstari, kwa mwandiko safi: Imekaguliwa. Ipo. Akakunja suruali, akavuka mto. Mtoto alizaliwa saa kumi na mbili kasorobo, wa kike, mwekundu, mwenye hasira. Muuguzi alimzungushia shuka, akamkabidhi kwa bibi yake, akaanza kufunga, kwa kuwa giza lilikuwa linaingia.

Halmashauri ilipata hati safi ya ukaguzi. Mweka hazina alinunulia ofisi nzima soda, na Mama Rula akapewa barua ya pongezi kwa utunzaji bora wa kumbukumbu. Aliipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Mwezi uliofuata alipiga moyo konde akauliza habari za mshahara wa muuguzi. Mweka hazina alifungua orodha, akaonyesha kwa kidole kwamba muuguzi hulipwa kila mwezi bila kukosa, na saini yake hii hapa. Mama Rula alimpelekea muuguzi jibu hilo kama lilivyo. Muuguzi akamwita mgonjwa aliyefuata.

Ulipofika wakati wa kupanga bajeti, wakubwa walivuka kuja kuwasikiliza wananchi. Mkutano ulifanyika kiwanjani, kando ya zahanati, na mweka hazina akakaa kwenye kiti walichomvushia. Fundi cherehani alisimama wa kwanza. Alisema wanashukuru, lakini wanaomba zahanati ya matofali, yenye taa, kwa sababu wanawake hawachagui saa ya kuzaa, na juzi mkewe alizaa akiwa amemulikiwa kwa simu nje ya mlango uliofungwa.

Mweka hazina alimgeukia Mama Rula, ambaye alikuwa amekaa na rejista mapajani na mjukuu mgongoni. "Hebu tusomee, mama."

Mama Rula alisoma. Zahanati ya ng'ambo ya mto, ipo, hali nzuri, imekaguliwa.

"Serikali haiwezi kujenga mara mbili kitu kimoja," mweka hazina alisema kwa upole. "Ni matumizi mabaya ya fedha za umma."

Watu walimtazama Mama Rula. Hakuna aliyepandisha sauti. Fundi cherehani ndiye aliyeuliza, na aliuliza kama anayeulizia bei. "Si wewe uliyeandika, dada?"

"Niliandika mimi," alisema. Mjukuu alikuwa akimpumulia shingoni, mzima.

"Basi hata mimi ningeandika," fundi alisema, akakaa.

Mweka hazina alipangusa uso kwa leso akaingia kwenye ajenda ya pili, daraja. Fedha zake, alisema, zimeshatengwa na mkandarasi ameshapatikana. Mtu mmoja akauliza litakuwa la aina gani. Mweka hazina alisema la aina ile ile, kwa kuwa imeonekana inadumu na haina gharama za ukarabati. Watu walinong'onezana. Wengine walitazama mto, ambao mwaka huo ulikuwa umeanza kujaa mapema. Walipotakiwa kunyoosha mikono, muuza mkaa alinyoosha, kisha fundi cherehani, kisha akina mama wote wa upande ule. Mama Rula aliufikiria ule mto, akanyoosha na wake.

Mweka hazina alihesabu mikono, akauliza kama kuna mwenye swali.

"Na tozo yake," muuza mkaa alisema, "nayo tutalipa ya hewa?"

"Hapana," mweka hazina alisema. "Tozo ni taslimu, kuanzia leo."

Mama Rula alimweka mjukuu sawa mgongoni, akatoa kitabu cha stakabadhi, akaanza na nyumba yake.