Hesabu za Kutoa

"Mama Kelly, kila Tuesday uko na machungwa saba. Kwani unatoa wapi?"

Swali hilo Chepkoech aliliuliza siku moja juu ya ua wa mabati, amevaa sare yake ya uuguzi, funguo za gari mkononi. Ilikuwa asubuhi ya gari la taka katika mtaa wao wa Guildford, na Anésie alikuwa anarudisha ndani pipa la kifuniko chekundu. Alimjibu kwamba hatoi yeye. Wanatoa wao, shuleni. Chepkoech akasema sawa, akaomba mawili ya kula njiani, akaenda zake kazini, hospitali ya Westmead.

Jibu lilikuwa ndilo hilo, halikuwa na jingine nyuma yake. Kila Jumanne, kipindi cha pili, kundi la binti yake Kelly shuleni lilikuwa na hesabu za duka. Muuza matunda ana machungwa ishirini, yametoka saba, yamebaki mangapi? Kumi na matatu. Mwalimu alifuta ubao akaendelea. Yale saba yalifika nyumbani kwa Anésie kabla ya saa nne, kwenye ngazi ya mlango wa mbele, yamepangwa mstari mmoja, yana ubaridi kidogo kama vitu vilivyotoka kwenye jokofu la duka.

Mambo haya yalikuwa na asili yake. Anésie alizaliwa Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi kule Tanzania, wazazi wake Warundi. Alisoma shule ya msingi mpaka darasa la saba na hakuendelea. Walikuwa wakikaa wanne dawati moja, wakihesabu kwa punje za mahindi. Mwalimu aliposema kumi kutoa tatu, zile tatu hukuruhusiwa kuziangusha chini wala kuzitia mfukoni. Ulimpa aliyekaa kushoto kwako, maana kutoa ni kutoa, hata kanisani neno ni hilo hilo. Yule naye alizipokea akazihesabu, zikampita zikaenda mbele, na mpaka kengele inapigwa punje zilikuwa zimezunguka darasa zima bila kupotea hata moja. Miaka mingi baadaye, mumewe Anicet ameshazikwa na Kelly ana miaka mitano, Anésie alimfundisha binti yake vivyo hivyo kwenye meza ya jikoni, kwa maharage. Kila harage lililotolewa, Kelly aliliweka kwenye kiganja cha mama yake.

Basi Kelly alipofika miaka kumi na miwili akaingia sekondari, akapewa mtihani wa kuwagawa watoto katika makundi matano ya hesabu. Aliandika kama alivyofundishwa. Kumi na tano kutoa sita: tisa, na sita kwa Mama. Themanini kutoa thelathini na tatu: arobaini na saba, na thelathini na tatu kwa Mama. Msahihishaji alitia alama ya kosa kila mahali, kwa sababu swali lilitaka kinachobaki, halikutaka kujua kinakwenda kwa nani kinachotolewa. Kelly akapelekwa Kundi la Tano, ambalo ndilo la mwisho. Wiki hiyo hiyo vitu vikaanza kufika.

Kila hesabu ya kutoa iliyofanywa shuleni mbele ya Kelly, kilichotolewa kilikuja kwa mama yake. Vilikuja vipande vitatu vya piza. Zilikuja mita nne za kamba ya buluu, na rangi ya ukuta lita mbili na nusu, imejaa kwenye sufuria kwa kuwa kopo lilibaki kwenye swali. Mwezi wa saba, ambao huku kusini mwa dunia ni wa baridi kali, walisoma habari za joto, nyuzi ishirini na moja kutoa tisa, na zile nyuzi tisa zikaingia nyumbani zikakaa siku mbili. Anésie alifua mablanketi na yakakauka sebuleni. Kipindi cha ratiba za basi kilimletea dakika thelathini na tano. Alizitumia kumaliza rozari na kupiga pasi sare yake ya kazi, na mshale wa saa ya ukutani haukusogea mpaka alipomaliza. Padre wa parokia alipoelezwa alisema chakula kiliwe kabla hakijaoza, na kamba ile ingefaa kwenye lango la kanisa. Walifungia lango.

Chepkoech alikuwa na ushauri wake.

"Ambia Kelly next week watoe fridge. Yangu imekufa."

"Hawafundishwi fridge."

"Basi wanafundishwa nini huko, Mama Kelly?"

Ni hapo Anésie alipoanza kutazama. Alikuwa ameshukuru kwa vitu karibu miaka mitatu bila kuangalia karatasi vilikotoka. Jioni ile alimwomba Kelly amletee daftari, akalisoma ukurasa mmoja mmoja, polepole, kidole juu ya mstari. Changanya dawa ya sakafu, kipimo kimoja kwa vipimo ishirini vya maji. Jaza karatasi ya zamu: umeingia saa ngapi, umetoka saa ngapi. Zulia la korido linahitaji mita ngapi? Basi la kwanza la asubuhi linapita saa ngapi, na likikupita utachelewa dakika ngapi?

Alizitambua zote. Anésie alikuwa msafishaji katika nyumba ya wazee, mwaka wa kumi na mmoja sasa. Dawa ya sakafu aliichanganya kwa kunusa. Karatasi ya zamu aliijaza akiwa amesimama. Alifunua daftari lile mpaka jalada la nyuma akitafuta kitu kimoja asichokijua, na hakukipata.

Hasira ilimwingia taratibu, ikakaa. Hakupiga kelele. Alilifunga daftari akalifuta jalada lake kwa kitambaa, ingawa lilikuwa safi. Katika sala za usiku ule alimweleza Mungu jambo lenyewe lilivyo, moja kwa moja, na hakuomba kuondolewa hasira.

Kelly mwenyewe hakuwa mtoto wa kulalamika. Ukimsemesha kwa Kiswahili anakuelewa, anakujibu kwa Kiingereza, maneno matatu, basi. Lakini kulikuwa na kitu alichokuwa anakitaka. Kila treni ilipokaribia Parramatta alikuwa akisimama dirishani kutazama winchi za majengo, zile ndefu zenye mkono mmoja, zimening'iniza tani za vyuma kwenye ncha na hazianguki. Alimuuliza mwalimu wa Kundi la Tano kwa nini hazianguki. Mwalimu alimwambia kwa upole kwamba ni swali zuri sana, ila ni la Kundi la Kwanza. Tangu hapo Kelly alijua anachotaka kusoma, uhandisi wa majengo, na alijua ni chuo kikuu gani, kile cha Kensington. Alijua pia kwamba asipokuwa Kundi la Kwanza mwaka wa kumi wa shule unapoanza, hesabu za lazima kwa masomo hayo hatazigusa, na mlango huo haufunguliwi tena kwa mtu wa umri wake. Ilikuwa imebaki miezi miwili.

Kitabu cha Kundi la Kwanza alikuwa nacho. Aliazimwa na Ornella, msichana wa Kikongo wa kwaya yao, anayesoma shule nyingine. Kilijaa herufi na pembetatu, na mistari iliyopinda kama mgongo wa paka. Kelly alikuwa amekifanya chote kwa penseli, na pale majibu ya mwisho wa kitabu yalipokosea alikuwa ameyasahihisha. Humo hapakutoka kitu kuja mlangoni, maana alikuwa anakifanya nyumbani, na vilivyokuja vilikuwa vya hesabu za shuleni tu.

Anésie alipomweleza Chepkoech kwamba anakwenda shuleni, jirani yake hakutania.

"Kwetu Kenya hesabu ni moja kwa wote," alisema. "Unafeli mwenyewe, kwa mkono wako. Hapa wanakufelisha mapema ndio usichoke."

Shuleni, mkuu wa idara ya hesabu aliitwa Cheryl. Alikuwa mama wa heshima, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alimpigia mkalimani simu, akaiweka mezani katikati yao, na sauti ya mwanamume anayeitwa Wilondja ikasalimia. Anésie alieleza habari ya mtihani, habari ya punje, na habari ya vitu. Cheryl alisikiliza mpaka mwisho. Kuhusu vitu alisema shule inalo daftari la mali iliyopelekwa nje, na angeshukuru kupata orodha. Kuhusu Kundi la Tano alisema hesabu zake ni hesabu za maisha, wameziweka ili watoto wapate kitu cha kuwasaidia. Si kila mtoto atahitaji pembetatu.

"Mwambie hivi," Anésie alisema kwa simu. "Kazi yangu siidharau, imenilisha na mwanangu. Lakini sikumpeleka shule akasomee kuwa mimi. Mimi nipo nyumbani. Angenisoma bure."

"Mama, niiseme yote?" Wilondja aliuliza.

"Yote."

Aliisema yote. Cheryl alivua miwani, akasema anauelewa uchungu wa mzazi, na Kelly anaruhusiwa kuurudia mtihani, kwa sharti moja. Aandike jibu tu. Mambo ya nani anapewa nini asiyaandike.

Kelly aliufanya mtihani ule siku ya Alhamisi, peke yake, kwenye chumba cha vifaa vya michezo. Aliandika majibu matupu. Anésie alikuwa nyumbani, siku yake ya mapumziko, na vitu vikamfikia vile vile: mayai kumi na manne, kisha galoni ya maji, kisha mbao tatu za urefu mmoja. Alipoona mbao zimenyooka na kukatwa sawasawa akajua mtoto anakwenda vizuri. Matokeo yalipotoka, Kelly alikuwa amepata maswali yote sitini. Kati ya wanafunzi wote wa mwaka wake, waliofikia alama ya Kundi la Kwanza walikuwa thelathini na mmoja.

Waliitwa tena, safari hii mama na binti. Anésie alivaa kitenge chake cha Pasaka. Kelly alikaa kushoto kwake, begi mapajani, mgongo umenyooka. Simu ilikuwa mezani na Wilondja ndani yake, maana Anésie alimwomba yeye kwa jina.

Cheryl alianza kwa kumpongeza Kelly. Alisema hajaona karatasi kama ile kwa miaka mingi. Kisha akasema tatizo ni nafasi. Kundi la Kwanza ni la watoto thelathini, na hao thelathini wengine wamo tangu mwaka wa saba, wamezoeana na wamemzoea mwalimu. Haingekuwa haki kumtikisa mmoja wao sasa.

Anésie aliuliza kama shida ni kiti.

Kwa namna fulani, Cheryl alisema.

"Viti ninavyo," Anésie akasema. "Mlitoa vinne mwezi wa tano. Viko varanda, sijavikalia. Nakuleteeni kimoja kesho."

Wilondja alitafsiri. Kwenye simu ilisikika kama anazuia kucheka, halafu kama hana tena cha kuchekea. Cheryl alisema ni ukarimu mkubwa, lakini idadi ni idadi. Alisema hata hivyo kuna habari njema: mwakani Kelly anaweza kuwa msaidizi wa mwalimu kule kule Kundi la Tano, kuwasaidia wenzake na ratiba za basi, kwa kuwa imeonekana hesabu za vitendo anaziweza kuliko mtu yeyote shuleni. Vitu vyenyewe ni ushahidi.

Kelly alimtazama mama yake. "Mum," alisema, kisha akasema kwa Kiswahili, lugha aliyokuwa hajaitumia kumjibu tangu akiwa mdogo, "mimi ndiye nilipata yote."

"Najua," Anésie akasema. "Na yeye anajua."

Hilo Wilondja hakuulizwa kulitafsiri, na alilitafsiri.

Cheryl alisema labda mama ataelewa vizuri zaidi akiliona jambo kwenye karatasi. Alichukua kalamu nyekundu. Aliandika thelathini na moja, kwa tarakimu kubwa, kama mtu anayemwandikia mtoto wa chekechea. Chini yake akaandika moja. Akapiga mstari, akaigeuza karatasi imwelekee Anésie.

"Thelathini na moja kutoa moja," sauti ya Wilondja ilisema kutoka kwenye simu. "Thelathini."

Kiti cha kushoto, cha Kelly, kilikuwa kitupu. Begi nalo lilikuwa limekwenda. Anésie hakutazama mlangoni wala chini ya meza. Nyumbani, kando ya ngazi ile yanapofikia machungwa, ufunguo wa akiba ulikuwa chini ya chungu cha mchicha, na Kelly alipajua. Cheryl alikiangalia kile kiti, akavaa miwani, akageukia kompyuta yake. Aliandika kwamba mwanafunzi ameondoka kabla ya kengele bila ruhusa ya mwalimu. Akauliza kama mzazi ana swali jingine lolote.

Wilondja alitafsiri swali hilo. Alingoja. Akalitafsiri tena, safari hii kwa sauti ya chini, akianza na neno mama.

Anésie alichukua mkoba wake, akakirudisha kiti chake mezani kilipokuwa, akashika njia ya nyumbani.