Shavu la Neli

Vyungu ishirini na saba vilipasuka siku ya Alhamisi, kwenye moto mmoja, na kabla majivu hayajapoa kila jicho pale ufukweni Ikombe lilikuwa limeshatua usoni kwa Neli.

Wanawake wa Ikombe huchoma vyungu vyao pamoja, kwenye rundo moja la kuni na nyasi kavu. Chungu kikiingia motoni na unyevu tumboni hupasuka, na kikipasuka huvunja na majirani zake. Kwa hiyo hakuna moto uliowashwa kabla mtu mmoja hajavipima. Mpimaji hakuwa na chombo chochote. Alikibandika chungu shavuni, akafumba macho, akausikiliza ubaridi. Kikiwa baridi, ni kibichi, kirudi juani. Shavu hilo lilikuwa la Neli kwa miaka kumi na tisa, na kabla yake lilikuwa la mama yake. Wanunuzi waliotoka Ipyana na Busale na mpunga wao vichwani waliuliza kwanza, "Vimepita kwa Neli?" ndipo wakaanza kuchagua.

Na asubuhi ile Neli ndiye aliyesema vimekauka.

Angetile, mwenye uwanja wa kuchomea, aliokota kigae kimoja, akakigeuza, akakitupa. Alikuwa mwanamke mkubwa wa sauti na wa mwili, na hakuwa na desturi ya kuzunguka mbuyu.

"Neli, nakuheshimu," alisema. "Lakini wote tunaona. Umekaa vizuri, mara unaloa jasho kama uliyetoka ziwani. Mwezi wako umeruka mara tatu, usinifiche, tunafua pamoja. Lameck alishatueleza. Damu isiyotoka imekupanda kichwani, na sasa moto wako unaharibu unachokigusa. Kunywa dawa mpaka damu irudi. La sivyo, Jumatano ijayo tutatafuta shavu lingine."

Neli alikusanya vigae vyake, akaondoka. Alikuwa na hasira. Chini ya hasira alikuwa na hofu, na hofu ndiyo iliyomnyamazisha, maana hata yeye hakujua kilichokuwa kikimpata. Usingizi ulimkimbia. Moyo ulimwenda mbio akiwa amekaa tu. Joto lilimpanda kifuani hadi masikioni, likamwacha akitetemeka. Kama huo haukuwa wazimu unaobisha hodi, ulikuwa nini?

Huyo Lameck alikuwa amerudi miaka miwili nyuma kutoka vita vya Hitla, na koti la kaki lenye vifungo vya shaba ambalo hakulivua hata jua likipasua mawe. Alisema alikuwa dresa wa jeshi, mfunga vidonda. Kweli yenyewe ni kwamba alibeba machela, kazi ya heshima kabisa ambayo ingemtosha mtu yeyote isipokuwa Lameck. Kila Jumamosi alipanga chupa zake za maji mekundu kwenye soko la Lyulilo na kuhubiri. Mwanamke ni mtungi, alisema. Mtungi usiomwagwa huoza. Damu ikigoma kushuka hupanda, ikipanda huchemsha ubongo, na mwanamke huyo ataishia kuongea na miti. Wanawake walisikiliza wakiwa wameinamisha macho. Wakati wa kununua walijificha nyuma ya kanga zao, na kwa sababu ya kujificha huko hakuna aliyemuuliza mwenzake kama chupa ile imemfaa. Debe tupu haliachi kuvuma, hasa pasipo mtu wa kulipiga teke.

Jioni ile Sadoki, mumewe Neli, aliweka chupa moja juu ya kinu.

"Mama Enoki, kunywa tu," alisema kwa upole, kwa kuwa alikuwa mtu mpole. "Sitaki nikupoteze. Ni chupa moja."

"Dada yako Rut naye aliambiwa moja. Yuko kwenye ya tatu. Umekwenda kumwona?"

Sadoki hakuwa amekwenda. Mambo ya kike yale, mwanamume angeenda kutazama nini? Neli alimshika mkono kama mtoto, akamvuta mpaka nyumbani kwa Rut, nyumba ya tatu kutoka kwao.

Rut alikuwa amelala mkekani, midomo imepauka kama majivu. Alikuwa anatokwa damu siku ya kumi na moja. Akijaribu kusimama, nyumba ilizunguka. Lameck alimwambia hiyo ni taka inatoka, na akiacha dawa katikati itarudi maradufu.

"Wifi, mbona hukusema?" Neli aliuliza.

"Nilisema kwa nani? Ukisema, wanajua umekwisha."

Neli alimgeukia Sadoki. "Tia mtumbwi majini. Mpeleke hospitali ya misheni, sasa hivi. Na chupa yake hii uende nayo, wakaione."

Sadoki alikuwa ameshatazama uso wa dada yake, akambeba hadi mtumbwini. Neli alibaki na watoto wa Rut, na ile chupa nyingine, ya kwake mwenyewe, aliiacha juu ya kinu ikiwa na kizibo chake.

Asubuhi alikwenda kwa Tuntufye, mdogo wa mama yake, bibi kizee aliyeishi peke yake juu ya kilima na ambaye bado alifinyanga vyungu vidogo vya mboga.

"Ugonile, mama," Neli alimsalimu, akapiga magoti.

"Ndaga, mwanangu. Umekuja na uso wa mtu aliyefukuzwa."

Neli alimweleza yote. Tuntufye aliendelea kuzungusha udongo mapajani, na mwisho alicheka, kicheko cha mtu aliyekutana na jirani wa zamani.

"Hilo joto? Mimi lilinishika miaka minne. Nilikuwa naamka nimelowa, namfukuza mume wangu kitandani, maskini, akadhani ana kosa. Mwezi unakuja, unaruka, unakuja mara mbili, unapotea. Halafu siku moja unagundua ni zamani hujaliona lile joto. Mama yako naye lilimpata. Kila mwanamke anayejaliwa kuzeeka hupita mlango huo, mwingine akiinama sana, mwingine kidogo tu."

"Na damu, inapanda kichwani?"

"Ingepanda, ningekuwa nayo humu pipa zima. Haipandi popote, mwanangu. Inakoma. Ila sikiliza. Inayokuja nyingi mpaka unaishiwa nguvu, kama ya Rut, hiyo si ya kuvumilia. Na ukikaa mwaka mzima mkavu kisha ikarudi, hiyo nayo si ya kuvumilia. Hapo unakwenda kwa waganga wa hospitali, na aibu unaiacha nyumbani."

Neli alisikia kifua kikifunguka. Kisha hasira ilirudi, mpya kabisa. "Mama, mbona hamkutuambia? Mlitufunza kuzaa, mlitufunza kunyonyesha. Hili mlilificha kwa nini?"

Bibi aliacha udongo. "Nasi tulifichwa," alisema. "Si sababu nzuri. Ndiyo niliyo nayo."

Wakati huohuo joto likampanda Neli. Alishika alichokiona karibu, chungu kibichi kilichofinyangwa jana, akakibandika shavuni apate ubaridi. Kilikuwa baridi kama maji ya mtoni. Joto lilipita, jasho likaanza kukauka kwa upepo wa kilimani, na Neli akatetemeka. Alikigeuza chungu, akakibandika shavu la pili. Sasa hakikuwa baridi hata kidogo. Mikono yake ilijua kwamba udongo ule ulikuwa mbichi kabisa, na shavu lake likamwambia ni mkavu.

Alikishusha chungu, akakitazama. Alhamisi asubuhi, alipopima vile vyungu, alikuwa ametoka tu kwenye joto. Alikuwa akitetemeka. Shavu lililopoa kwa jasho lingewezaje kusikia ubaridi?

Kwa hiyo kosa lilikuwa lake. Hilo lilimuuma kuliko maneno ya Angetile, na angeweza kulizika kilimani pale pale bila mtu kujua. Alishuka akiwa ameamua kutolizika.

Jumamosi soko la Lyulilo lilijaa. Rut alikuwa bado hospitalini, lakini Sadoki alikuwa amerudi na habari: damu imepungua, na mganga ameinusa ile chupa na kumkataza Rut asiiguse tena. Lameck alikuwa katikati ya mahubiri Neli aliposimama mbele yake na chupa yake iliyojaa.

"Mke wa Sadoki. Umekuja kuongeza?"

"Nimekuja kugonga," Neli alisema. "Hapa Lyulilo hakuna anayenunua chungu kabla hajakigonga asikie kama kina ufa. Maneno yako tumeyanunua mwaka mzima bila kuyagonga."

Mzee mmoja alikohoa kwa hasira. Haya si mambo ya sokoni, alisema.

"Dawa inauzwa sokoni, tata, nayo tunaizungumza sokoni," Neli alimjibu, akimwita baba kwa heshima. "Mwenye haya akatazame mitumbwi." Wanaume wachache waliondoka. Sadoki alibaki, masikio yanamwaka.

"Rut alikunywa chupa tatu," Neli aliendelea, "akatokwa damu siku kumi na moja. Jana hospitali wamemkataza dawa yako. Hilo moja. La pili, vyungu vilivyopasuka. Vilipasuka kwa kosa langu."

Lameck alipiga makofi. "Mmesikia! Amekiri mwenyewe!"

"Sijamaliza. Ninapatwa na joto. Likiisha, jasho hunipoza shavu, na shavu baridi halisikii ubaridi wa chungu. Nilipima wakati mbaya. Huo ndio ugonjwa wangu wote. Chukua kitambaa chenye maji, jipanguse shavuni, kisha pima chungu, utakosea hata wewe na damu yako yote." Wanawake wawili watatu walicheka. "La tatu ni wazimu. Unasema mwanamke ambaye mwezi wake umekoma huishia kuongea na miti. Basi tuwaone. Mwanamke ambaye mwezi wake umekoma, na asimame."

Neli alisikia joto likianza kumpanda, mbele ya watu wote, na akaliacha lipande. Hakujifuta.

Tuntufye alisimama kwanza, kwa fimbo yake. Akasimama muuza mchele kutoka Busale. Akasimama mke wa mzee wa kanisa, na watu wakaguna. Kisha wawili kwa pamoja, wakitazamana kwa mshangao, kwa kuwa walikuwa majirani ukuta kwa ukuta na kila mmoja alidhani yuko peke yake. Walikuwa kumi na nane. Ndio walioshika soko lile. Ndio waliojua bei, njia, nani kazaa na nani anadaiwa mahari.

"Lameck," Neli alisema, "tuonyeshe kichaa."

Lameck alitazama huku na huku. Alisema kuna wengine ugonjwa huchelewa. Sauti yake haikufika mbali.

Nyuma ya vyungu vyake Angetile alikuwa bado ameketi, ametazama chini. Kisha akainuka, taratibu, na mwili wake mkubwa ukawaziba waliokuwa nyuma.

"Miaka sita," alisema. "Na jasho langu nilikuwa nalipaka udongo usoni, mfikiri ni kazi." Alimgeukia Neli. "Nilikutwika wewe nilichokificha mimi. Naona aibu."

Neli alimimina chupa yake mchangani. Lameck alifunga mzigo kabla ya saa sita, na hapakuwa na aliyemsaidia kuinua.

Jumatano vyungu arobaini vilipangwa ufukweni, na Angetile akasimama kando ya rundo na kijinga cha moto mkononi. Rut, aliyerudi juzi yake, alikuwa amekaa kivulini na bakuli la maharage, bado dhaifu. Neli alikuwa amefika kwenye chungu cha tisa joto lilipompanda. Zamani angegeuka aangalie ziwa. Sasa alikiweka chungu chini, akakaa kitako mchangani, jasho likimchuruzika shingoni.

"Subirini," alisema.

Jasho lilikauka. Alitetemeka, akajifunika kanga, akakisugua kiganja chake shavuni mpaka damu ikarudi. Ilichukua muda wa kumenya ndizi za mlo mzima. Kijinga kilizimika mkononi mwa Angetile, naye akatuma kikaletwe kingine.

Ndipo Neli akakiinua chungu cha tisa, akakibandika shavuni, akafumba macho.

"Hiki bado kibichi," alisema, na Angetile akarudi nyuma hatua mbili na moto wake.