Maneno ya Hadhi

Kaka yangu alibandika maneno ya Kiingereza nyumba nzima: kwenye friji, kwenye mlango wa choo, hata kwenye kabati la dawa za mama. Kila juma alibandika mapya, marefu kuliko ya juma lililopita, na kuyatumia mpaka majirani wakamwita Kamusi. Walisema ukimwomba chumvi anakuletea hotuba, na chumvi yenyewe anaisahau. Hakujali. Alikuwa akiwania umeneja katika kampuni ya bima, na aliamini kiti kile hakikaliwi na mtu wa maneno mafupi.

Mama ana kisukari. Kidonda cha mguu wake wa kushoto nilikuwa nakisafisha mimi kila asubuhi. Juma lile kilibadilika. Harufu ilinifikia kabla sijamaliza kufungua bendeji, kama nyama iliyosahaulika ndani ya mfuko wa plastiki. Kidole cha mwisho kilikuwa cheusi. Nilikibonyeza, na mama akaendelea kunisimulia habari za mpangaji mpya kana kwamba nimebonyeza mguu wa kiti.

Kliniki wanamruhusu mgonjwa kuingia na ndugu mmoja. Kaka alisema yeye ndiye mzaliwa wa kwanza, tena ndiye anayejua kuongea na wasomi. Nilimwambia aseme mambo matatu tu: kidonda kinanuka, kidole kimekuwa cheusi, mama hasikii akiguswa. Nikamkumbusha kwamba tukichelewa, mguu utakatwa.

Alitoka akitabasamu, mkononi ana cheti cha vidonge vilevile vya zamani. Nikamuuliza kama daktari amefungua bendeji. Akasema hapakuwa na haja. Kisha, kwenye benchi, mbele ya wagonjwa wengine, akanirudia alichosema ndani. Kiingereza nakielewa. Alikuwa amemweleza daktari kwamba uponaji unaendelea kwa namna ya kutia moyo, licha ya usumbufu mdogo wa hapa na pale. Yale yalikuwa maneno yaliyobandikwa kwenye friji. Hakukosea hata herufi.

"Na harufu?" nikauliza.

"Mdogo wangu, utamwambiaje daktari kitu kinanuka? Hilo ni neno la watoto. Nilitafuta la hadhi, halikuja. Nikaliacha."

"Na kidole?"

"Nyeusi wanaijua hata chekechea."

Nilimshika mama mkono nikamrudisha ndani bila kubisha hodi. Daktari alikunja uso. Nikamwomba amuulize mama mwenyewe, na akamuuliza kwa Kiswahili safi, kwa kuwa ndicho alichoanza nacho tangu salamu. Kaka ndiye aliyekikataa, mama aliniambia baadaye.

"Mguu ukoje, mama?"

"Unanuka, mwanangu," mama akasema, macho sakafuni. "Nilidhani huyu ameshakwambia. Ameongea sana."

Bendeji ilipofunguliwa, muuguzi alikwenda kufungua madirisha yote mawili. Kaka, aliyekuwa ametufuata hadi mlangoni, alijiziba pua kwa tai. Daktari alichunguza bila haraka, akachoma hapa na pale kwa ncha ya sindano, akasema vidole viwili lazima viondoke leo, na mguu huenda ukapona. Tungekuja juma lijalo, akasema, tungezungumzia kukata gotini.

Mama alinibana vidole mpaka vikauma. Hakulia.

Ndipo kaka akaondoa tai puani na kumuuliza daktari, kwa Kiingereza, hali kama ile inaitwaje kitaalamu. Daktari akamtajia. Niliona midomo ya kaka ikilirudia neno lile taratibu, kama mtoto anayegeuza pipi mdomoni, wakati mama anapandishwa kwenye kitanda cha magurudumu.

Mguu ulibaki. Siku niliyomrudisha mama nyumbani, nilikuta karatasi mpya kwenye kabati la dawa, neno lile la daktari limeandikwa kwa wino mwekundu, na chini yake mstari. Nilivaa glavu za kusafishia kidonda, nikaibandua, nikaitupa kwenye ndoo ya bendeji chafu. Kisha nikafunika.