Mchana Aliolala Zanis

"Safari hii nije lini?" Evanthia alimuuliza Zanis kwenye simu. "Nataka hali ya hewa nzuri."

Swali hilo huulizwa na kila mgeni wa kisiwa cha Amorgos, na jibu lake ni jepesi. Njoo Juni au Septemba. Agosti waachie wenye vichwa vigumu, maana upepo wa meltemi humvua mtu kofia na heshima kwa pamoja. Lakini Evanthia hakuwa mgeni wa hivihivi. Alikuwa mjane, mshonaji wa magauni ya maharusi huko Pireo, mji wa bandari ng'ambo ya bahari. Miaka mitano mfululizo alikodi chumba cha juu nyumbani kwa Zanis, akala jibini yake, akacheka mizaha yake, kisha akapanda meli siku ileile aliyosema ataondoka. Hiyo tabia ya kutimiza ahadi ndiyo iliyomkondesha Zanis.

Kwa hiyo mwaka huu Zanis alikuwa amejiandaa kisayansi. Mwanzoni mwa Agosti alisoma merominia, zile siku ambazo kila moja hubeba tabia ya mwezi mmoja ujao: asubuhi ni mwanzo wa mwezi, jioni ni mwisho wake. Siku iliyobeba tabia ya Oktoba alikaa juu ya paa, uso umekunjwa kama wa askofu. Asubuhi mbingu ilikuwa safi. Jioni mawingu meusi yalirundikana upande wa kusini, na sisimizi wakaziba shimo lao. Maana yake, mwisho wa Oktoba ingevuma dhoruba, na meli zingepigwa marufuku kutoka bandarini. Mgeni aliyeko kisiwani angebaki kisiwani, atake asitake.

"Njoo katikati ya Oktoba, ukae hadi mwisho," Zanis alimjibu. "Bahari itatulia kama mafuta."

"Una hakika?"

"Nimesoma mwenyewe, Bi Evanthia."

Siku ya meli ilipofika, katikati ya Oktoba, Zanis aliamka mapema, akapika mbuzi kwa viazi, akapasha raki, pombe kali iliyotiwa asali. Dada yake Maruso alimkuta mbele ya kioo.

"Kaka, umechana nywele au umelambwa na ng'ombe?"

"Nenda zako, Maruso."

"Naenda. Ila chungulia nje kwanza."

Zanis alifungua dirisha, na dirisha likamponyoka mkononi. Upepo wa kusini ulikuwa umeshaingia. Mawimbi yalipanda gatini na kuzilaza boti kama watoto watukutu.

"Haiwezekani! Asubuhi ilikuwa safi, jioni ndiyo iliyochafuka!"

"Na mchana je?"

Zanis aliweka kitana chini. Mchana, kama Mgiriki yeyote mwenye akili timamu, alikuwa amelala.

Maruso alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akauona uso wa kaka yake, akakiacha kicheko hapohapo, akaenda kumfunikia chungu.

Simu ikalia.

"Niko Pireo, juu ya sanduku langu," Evanthia alisema. "Meli zote zimezuiwa. Mafuta yako hayo yanachemka, Zanis."

"Upepo ukitulia utakuja?"

"Likizo itakuwa imeisha. Maharusi hawangoji." Akapumua. "Nilikuwa nimefungasha na sweta nene mbili. Mama yangu naye alikuwa akisoma merominia. Jioni ile ya Agosti niliyaona mawingu, nikiwa kwenye roshani yangu."

Zanis alitafuta kiti. Kumbe alijua, na bado alikuwa anakuja.

"Januari sina kazi," aliendelea Evanthia. "Kukoje huko Januari?"

Uongo mtamu ulimjia Zanis mdomoni: jua la ajabu, milozi imechanua, bahari ya kuoga. Akaumeza.

"Ni kubaya," alisema. "Kuna baridi, shuka hazikauki, migahawa imefungwa. Meli huja ikipenda."

Upepo ulipuliza pande zote mbili za simu.

"Na lile jiko la kuni la chumba cha juu," Evanthia aliuliza, "linatoa moshi?"

"Linatoa."

"Kidogo?"

"Sana."

"Basi lizibue kabla sijafika," alisema Evanthia.