Pumzi ndani ya Kauri

Kauri isiyo na matundu ni sahani tu; haiwezi kunywa mwanga. Kwenye kiwanda cha paneli za jua, unga mweupe wa kauri ulichanganywa na wanga, ukapakwa kwenye vioo, ukachomwa. Wanga uliungua ukaacha vijitundu, na kadiri vilivyozidi kuwa vingi, ndivyo paneli ilivyozidi kutoa umeme. Mama Tanuru, mchomaji, alilijua hilo kama jina lake.

Mdogo wake ndiye aliyekuwa mchanganyaji. Vumbi lilimkaa kifuani, akakohoa mpaka akazikwa. Barakoa waliahidiwa paa la kiwanda likiwa jipya. Leo paa limeota kutu, na ahadi bado mbichi. Nafasi yake akapewa binti wa Mama Tanuru, maana njaa haina adabu.

Meneja akaagiza vitu vya marehemu viondolewe. Ilibaki aproni tu, imekakamaa kwa unga. Mama Tanuru hakuwa na moyo wa kuitupa jalalani. Akaichoma tanuruni, pamoja na vioo vya siku hiyo.

Vioo vile vilipopimwa, sindano ya mita ya umeme ilipanda kuliko siku zote. Meneja akavifunika kwa kitambaa cheusi ili irudi sifuri. Haikurudi. Ilipanda taratibu, ikashuka, ikapanda tena. Kisha ikaruka mara mbili, kwa ghafla, ikatulia. Mama Tanuru alikisikiliza kikohozi kile cha mdogo wake nyuma ya ukuta muda wote wa ugonjwa. Hata kwa macho angekijua.

Meneja akauliza wamechoma nini. Akaelezwa. Badala ya kuogopa, akachangamka kama mtu aliyeangukiwa na bahati, akataka kujua kama kumebaki shati, viatu, chochote. Akaambiwa hakuna.

Ndipo kikohozi kikavu kikasikika chumba cha kuchanganyia. Cha yule binti. Meneja akageuza shingo.

"Huyo naye ameanza lini?" aliuliza, kwa upole ambao hakuna aliyewahi kuuona kwake.

Mama Tanuru akaingia humo, akamshika binti yake mkono, wakatoka. Binti akalalamika kwamba zamu haijaisha, watakula nini. Mama akamwambia atembee tu.

Meneja aliwawahi getini. Wala hakuwazuia.

"Nendeni salama, mama. Ila aproni aliyovaa ni mali ya kiwanda."

Binti akaanza kufungua kamba kiunoni. Mama akampiga kibao cha mkononi, akaikaza kamba ile mafundo mawili.

"Ukiitaka," alimwambia meneja, "njoo kwanza uivae wewe."